Vipande Ishirini vya Bupe

1

"Tatizo lako, Bi Subilaga, ni kwamba umempenda mtu mmoja kupita kiasi," alisema Bwana Kalumuna, mshauri wake wa akiba, huku akiuinamisha uso wa meza ili mteja wake naye aone.

Juu ya kioo cha meza lilichorwa kapu. Lilikuwa kapu hasa la ukili, kama la kubebea ndizi, na ndani yake rangi zimepangwa kwa matabaka. Chini kabisa palikuwa na kijani kidogo: hatifungani za reli. Juu yake bluu nyembamba: vipande vya watu ambao Subilaga hakuwahi kuwaona, daktari wa meno wa Songea, dereva wa matrekta wa Mpanda, mapacha wa Kilwa wanaochonga viungo bandia. Kilichobaki, karibu robo tatu ya kapu zima, kilikuwa rangi ya chungwa lililoiva.

"Hilo la chungwa lote ni Bupe?"

"Ni Bupe mtupu."

Subilaga hakuona tatizo. Aliona fahari, na fahari ile ilimpanda mpaka akajikuta anatabasamu peke yake mbele ya mtu anayempa habari mbaya. Bupe alikuwa binti wa kaka yake, marehemu Gwamaka. Alipofika umri wa miaka kumi na minane akiwa na akili za kutosha kuingia Chuo cha Hali ya Hewa na bila senti ya kumpeleka huko, Subilaga aliuza kiwanja chake cha Kyela akanunua vipande vyake ishirini. Hakupiga hesabu yoyote. Alifanya vile kwa sababu yeye ni shangazi.

Sheria ya vipande yenyewe ilikuwa imeshazeeka. Kijana akitimiza miaka kumi na minane aliruhusiwa kuuza vipande vyake visivyozidi thelathini, na kila kipande kilimpa mnunuzi sehemu moja kati ya mia ya kipato cha kijana yule kwa miaka thelathini. Anayekusanya zaidi ya nusu ya vipande vilivyouzwa anakuwa na sauti, yaani kijana hawezi kuacha kazi wala kubadilisha bila ridhaa yake. Waliotunga sheria walidhani wametunga jambo jipya kabisa. Wazee wa Tukuyu waliposomewa kwa mara ya kwanza waliangua kicheko, wakasema kumbe serikali nayo imegundua shangazi.

"Mwaka juzi alikuwa nusu ya kapu," Bwana Kalumuna aliendelea. "Kampuni ikampandisha kuwa mvaa mawingu mkuu, bei yake ikapaa. Wewe hujaongeza hata kipande kimoja. Ni yeye tu amenenepa humo ndani."

"Sasa kitu kinachonenepa nikikate?"

"Ndiyo maana ya kusawazisha, mama. Unapunguza kilichonenepa, unaongeza kilichokonda. Inauma kila mara. Wateja wangu wote hunipa jibu hilo hilo lako, kisha hunichukia mpaka mwaka unaofuata." Alilisema bila kulalamika, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda posta. "Unatimiza hamsini na mitano mwisho wa mwezi. Ukitaka kuingia kwenye Kinga ya Wazee, hakuna chanzo kimoja kinachoruhusiwa kuzidi robo ya kapu lako. Ukizidi, Kinga haikupokei. Siku kapu likipasuka hakuna wa kukuzibia."

"Na nikipokelewa?"

"Kapu likipasuka, Kinga inakupa unga, dawa na paa. Si zaidi ya hapo. Lakini ukiuza vipande kumi na vitatu vya Bupe kwa bei ya leo, ukanunua reli, maghala na watu wa mikoa mingine, wala hutaihitaji. Utaacha kazi siku ya kuzaliwa kwako."

Kuacha kazi. Subilaga alikuwa msimamizi wa ghala la baridi la parachichi, na magoti yake yalishaanza kumtukana kila alfajiri alipoyaingiza mle ndani. Alikuwa na nyumba ndogo aliyoichagua Matema, ufukweni mwa ziwa, mahali ambapo baridi ni habari ya kusikia tu.

"Mnunuzi atapatikana?"

"Yupo tayari. Kikoba cha Mwangaza wa Juu."

"Si ndicho kikoba changu!"

"Basi hata bei hamtagombania." Bwana Kalumuna alilaza uso wa meza, kisha akabaki amekunja midomo kidogo. "Kapu la mtu mwingine siruhusiwi kulizungumza. Wenzako wana vipande kumi vya huyo huyo Bupe, hilo liko wazi kwa kila mtu. Mengine siyasemi. Ila ungeniuliza kwa jumla tu, ningekujibu kwamba kata yenu nzima imempenda mtu mmoja kupita kiasi."

Subilaga hakumwuliza.

2

Bupe alifika Tukuyu Ijumaa jioni kwa gari la waya, lile linaloning'inia juu ya mabonde na kuwashusha watu mlangoni pa soko. Alikuja na mkate wa ngano, sabuni, na chanuo zuri la mti kwa ajili ya shangazi yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko mawinguni hawapiki?"

"Wanapika. Chakula chao hakina ladha."

Wavaa mawingu walikuwa wachache nchi nzima. Walilala kutwa katika kituo cha Mbeya, wamevaa vazi linaloitwa ngozi, ambalo nyuzi zake ziliungana na mishipa yao ya fahamu. Vipimo vilivyotapakaa kwenye milima yote ya kusini vilipeleka habari ndani ya ngozi ile, na mvaaji akawa anaihisi nchi kama mwili wake: baridi ya bonde ikawa baridi ya kwapa, mvua ya mawe iliyokuwa ikijijenga juu ya mashamba ikawa kama mwasho wa begani. Alipojikuna, ndege zisizo na rubani ziliruka na kulitawanya wingu. Kabla yao zilijaribiwa mashine peke yake. Mashine zilijua kila kitu, lakini zilichelewa kuudhika. Kampuni za chai na parachichi ziliwalipa wavaaji kwa namna ambayo watu wa kawaida waliiona ni matusi.

Subilaga alikuwa kabatini akitafuta sahani za wageni, kwa maana Bupe alishakuwa mgeni wa aina hiyo, alipomsikia akisema, "Niepue maharage?"

"Epua, mwanangu, kitambaa kiko hapo kwenye—"

Bupe alishaepua. Aliishika sufuria kwa viganja vitupu, akavuka nayo jiko zima bila haraka, akaiweka mezani, akauliza kama ndizi zimeiva.

"Bupe! Mikono!"

Bupe aliitazama mikono yake kama anayetazama viatu vya mtu mwingine. Viganja vilikuwa vyekundu na kimoja kilishaanza kutoa lengelenge. Subilaga alimkokota hadi bombani, akamfungulia maji, akaishikilia mikono ile chini ya maji. Bupe hakuvuta mkono. Alisimama tu akisubiri shangazi amalize.

"Ngozi yangu imebaki kule, shangazi," alisema baadaye. "Nikiwa kazini nahisi umande ukitua Kitulo, tone kwa tone. Nikivua, sihisi kitu. Ilianza vidoleni. Sasa imefika viwikoni."

"Tangu lini?"

"Kabla ya Pasaka."

"Na daktari anasemaje?"

"Wa kampuni anasema niko ndani ya kiwango. Nikaenda kwa mwingine kwa fedha yangu. Yule anasema nikiacha sasa itarudi, pengine yote. Nikiendelea, mwaka, miwili, hajui." Alikausha mikono kwa kugusa taulo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akihakikisha kwa macho kwamba maji yameisha. "Nataka kuacha, shangazi. Kituo cha mbegu za viazi wananitaka. Mshahara wao ni mdogo, utacheka. Lakini kampuni haiwezi kuniachia bila ridhaa ya mwenye sauti."

Mwenye sauti alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Na jambo la kwanza lililomjia kichwani, kabla ya mikono ile, kabla ya marehemu kaka yake, lilikuwa ile rangi ya chungwa kwenye meza ya Bwana Kalumuna. Aliiona ikinywea mpaka chini ya kapu. Aliona haya, haya hasa, akageukia maharage ili mtoto asiusome uso wake.

Akamweleza yote: Kinga, robo, vipande kumi na vitatu, kikao cha kesho. Bupe alisikiliza akiwa ameegemea ukuta.

"Basi mbona rahisi?" Bupe alisema. "Wewe uza kesho. Mimi Jumatatu ndiyo naomba kuacha."

"Nikishauza, sauti si yangu tena. Itakuwa ya kikoba."

"Si mama zangu wale? Mama Tumpe ndiye aliyenipaka dawa nilipopata surua. Hawatanikatalia."

"Watakukatalia, mwanangu. Sasa hivi wana vipande kumi vyako. Kesho watakuwa na ishirini na vitatu. Uzee wao wote watakuwa wameuweka kwako. Mtu hawezi kuruhusu uzee wake uende kupanda viazi." Alifunika sufuria, akaifunua, akaifunika tena. "Na hata wakikuruhusu, mimi nitakuwa nimewauzia nini? Nitakuwa nimewauzia mikono iliyokufa nikijua imekufa."

Bupe alivifumba viganja vyake.

"Samahani," Subilaga alisema. "Sikutaka kulisema hivyo."

"Umelisema sawa tu." Msichana alivuta kiti akakaa. "Basi nibaki, shangazi. Miaka miwili. Wewe uza taratibu, kwa watu wa mbali, mpaka uwe sawa. Mimi sioni maumivu, ndiyo shida yangu yenyewe. Sitaumia."

Aliyasema yale kama mtu anayejitolea kwenda kuchota maji. Subilaga angependa kulia, lakini chakula kilikuwa mezani na mtoto alikuwa na njaa. Akampakulia, akampulizia maharage mpaka yapoe, maana mwenyewe asingejua kama yanaunguza.

3

Kikoba cha Mwangaza wa Juu kilikutana Jumamosi mchana sebuleni kwa Mama Tumpe, mwenyekiti wake tangu kuanzishwa. Katikati ya sebule lilikaa sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na wanawake watatu walitunza funguo, kila mmoja wake. Ndani mlikuwa hamjawekwa noti miaka mingi, fedha zote zilishahamia kwenye simu, lakini bila sanduku kufunguliwa hakuna aliyejua kama kile ni kikao au ni umbea. Likafunguliwa. Wakaimba ubeti mmoja, wakakaa.

Mezani, kifaa cha Mizani, mtambo wa serikali unaopima bei ya vipande vya kila mtu, kilirusha ukutani makapu ya wanachama, moja baada ya jingine, kama kila mwanzo wa kikao. Kwa mara ya kwanza Subilaga aliyatazama kwa macho ya Bwana Kalumuna. La Mama Tumpe: chungwa mpaka ukingoni. La Bi Anyitike fundi cherehani: chungwa. La muuza maziwa, la mwalimu mstaafu, la yule wa mashine ya kusaga: chungwa, chungwa, chungwa. Hata walionunua hisa za Mbeya walichagua zile za kampuni inayomwajiri Bupe. Walikuwa wamempenda mtoto wao na kumwamini, na hakuna aliyefikiri kwamba kumpenda wote kwa pamoja ni jambo la hatari.

"Ajenda ya kwanza," Mama Tumpe alisema. "Mwenzetu Subilaga anauza vipande kumi na vitatu vya binti yetu. Bei mmeshaiona. Subilaga, simama."

Akasimama. Kila anayeuza alisimama na kuulizwa swali moja, na wote walilijua.

"Unauza kwa nini?"

Kwa kawaida watu walijibu ada, au bati, au binti anaolewa, na wengine wakaitikia kwa pamoja, na mambo yakaisha. Subilaga alikuwa na jibu la namna hiyo, tena la kweli tupu.

"Kinga ya Wazee," alisema. "Nimezidi robo. Sheria inanitaka nipunguze."

"Haya, sawa," sebule ikaitikia.

Kumbe ni rahisi hivyo. Alitaka kukaa. Magoti yalikuwa yamekwisha kuanza kukunjika, na Matema ilikuwa mbele yake na maji yake ya uvuguvugu, Bi Anyitike aliponyoosha mkono.

"Mwenyekiti, mimi naomba kuongezewa kwenye mgawo," alisema. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho yaliyochoka kwa kutunga uzi kwenye sindano miaka arobaini. "Ile cherehani yangu ya umeme nimeiuza jana. Macho hayaioni tena sindano, nikasema hela yake niiweke kwa Bupe. Nikae nile kwa mgongo wa mtoto."

Wanawake wakapiga makofi. Mama Tumpe akamtazama Subilaga kwa furaha, kama kusema unaona baraka hii.

"Hapana," Subilaga alisema.

"Hapana nini?"

"Msinunue. Anyitike, usinunue. Jibu langu halikuwa kamili."

Akawaambia. Alianzia kwenye sufuria ya maharage akamalizia kwa daktari, na kwa kuwa alikuwa hajui kupamba maneno, aliyasema kama yalivyo. Alipomaliza, nje palisikika mtu akisukuma toroli lenye gurudumu bovu, likapita, likaenda zake.

Wa kwanza kusema alikuwa Anyitike, na hakupandisha sauti. "Ulishasema 'Kinga'. Tukaitikia. Ulikuwa unakaa, Subilaga. Ningekuwa sijanyoosha mkono, ungekaa."

"Ningekaa," Subilaga alikubali.

Hapo makelele yakaanza. Mwalimu mstaafu alitaka Subilaga afukuzwe. Muuza maziwa alilia kwa sauti akimtaja marehemu mumewe, ambaye hakuhusika kabisa. Mwenye mashine ya kusaga alikuwa anapiga hesabu kwa vidole, anakosea, anaanza upya. Mama Tumpe aliwaacha wamwage yaliyowajaa, kisha akapiga meza kwa kiganja.

"Tunyamaze. Tunyamaze, tufikiri kama watu wazima." Alimgeukia Subilaga. "Nje ya chumba hiki, nani anajua?"

"Bupe mwenyewe na madaktari wake."

"Bei bado iko juu?"

"Iko juu."

"Basi hakuna aliyekufa. Tunasawazisha taratibu. Kila mwezi kila mmoja anauza kidogo, kwa watu wa Dar, kwa watu wa Nairobi, yeyote. Ananunua reli, ananunua maghala. Miaka miwili, kila kapu humu ndani linakuwa na rangi zote. Hapo Subilaga unatoa ridhaa yako, mtoto anaacha, anapanda viazi, anacheza ngoma, analala mpaka saa sita, apendavyo mwenyewe. Hakuna anayepoteza."

Ulikuwa mpango mzuri. Bwana Kalumuna angeusikia angeupigia makofi, isipokuwa pale pa kuwaficha wanunuzi, na hata pale huenda angetazama dirishani kwanza. Subilaga aliona jinsi sebule nzima ilivyopumua.

"Na hao watu wa Dar?" aliuliza yule wa mashine ya kusaga.

"Wana hela zao," Mama Tumpe alisema upesi.

"Na mikono yake?" Subilaga aliuliza.

"Daktari amesema hajui. Kutojua si kusema haitapona."

"Mama Tumpe. Miaka miwili."

"Najua kuhesabu!" Sasa mwenyekiti alikuwa analia, na alikasirika kwa sababu analia. "Unadhani mimi simpendi? Mimi nilimlaza mapajani na surua yake. Lakini nimekaribia sabini, Subilaga, na wanangu wote wawili nimewazika. Sina mwingine. Nilimweka yeye. Nimekosea kumweka peke yake, sawa, nimekosea, nimeshasikia. Nipe miaka miwili tu nirekebishe kosa langu."

Subilaga alijua kwamba kila neno la mwenyekiti lilikuwa kweli. Uzee wa wanawake wale ulikuwa wa kweli, na macho ya Anyitike yalikuwa ya kweli. Alijaribu kuiweka mikono ya Bupe upande mmoja na sebule ile upande wa pili, kama alivyofundishwa kupima mambo, na kila alipopima sebule ilikuwa nzito zaidi. Watu kumi na mmoja na yeye wa kumi na mbili, dhidi ya msichana mmoja ambaye mwenyewe alishasema hataumia.

Lakini alikuwa amemnunua mtoto yule ili asome, si ili amle. Kama kuna siku mambo hayo mawili yaligeuka kuwa jambo moja, yeye hakuiona ikipita.

Akatoa simu yake.

"Subilaga," Mama Tumpe alisema. "Usifanye hivyo. Angalau tupige kura."

"Mkipiga kura mtashinda. Ndiyo maana sisubiri."

"Na Matema je? Nyumba yako?"

"Nimeshaiaga," Subilaga alisema, ingawa hakuwa ameiaga, alikuwa anaiaga sasa hivi na roho inamuuma. Akaiweka simu karibu na mdomo, maana ridhaa ilitolewa kwa sauti ya mwenye nayo na si kwa kidole. "Mimi, Subilaga Mwasandube, mwenye sauti juu ya Bupe Gwamaka Mwasandube, naridhia aache kazi ya kuvaa mawingu kuanzia leo, na afanye kazi aitakayo."

Simu ikatoa mlio mfupi kuthibitisha kwamba sauti ni yake.

Kwa sheria, habari ya ridhaa haikufichwa hata dakika moja. Iliingia sokoni pale pale, na Mizani, ambayo ilipima watu mchana kutwa, ikampima Bupe upya: hana kazi ya mawinguni, hana mshahara wa mawinguni. Ukutani kapu la Mama Tumpe lilikuwa bado limewashwa. Rangi ya chungwa ilianza kushuka. Haikuporomoka kwa kishindo kama watu walivyotarajia. Ilishuka kama maji kwenye beseni lililotolewa kizibo, mpaka ikabaki nyuzi mbili tatu chini. Anyitike alijifunika uso kwa kitenge. Mwalimu alitoka nje, akarudi, akasimama mlangoni. Hakuna aliyemtazama Subilaga, na yeye alibaki amesimama katikati yao kwa sababu hakuna aliyemwambia akae.

Alijua alichokifanya. Jumatatu magoti yake yangerudi ghalani, na Jumatatu nyingi baada ya hiyo. Alikuwa amewaumiza watu waliokuwa naye kwenye misiba yote miwili, wa mumewe na wa Gwamaka, na hakuwaomba ruhusa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

Ndipo simu ikaanza kusema. Aliisahau ikiwa wazi mkononi, na sauti ya Mizani, ile ya mwanamke mpole asiye na kwao, ikajaa sebule nzima.

"Hongera, Bi Subilaga Mwasandube! Kapu lako sasa limesawazika. Hakuna chanzo kinachozidi robo. Umepokelewa rasmi katika Kinga ya Wazee kuanzia siku yako ya kuzaliwa. Tunakutakia uzee mwema."

Ikafuatia muziki mfupi wa vinanda.

Subilaga aliibonyeza ovyo, ikakataa kuzima, ikapiga vinanda tena. Mtu mmoja nyuma alitoa sauti iliyoweza kuwa kwikwi au kicheko. Ilikuwa kweli: Bupe akishakuwa karibu na bure, hakuwa tena mzito kuliko reli na daktari wa meno. Kapu lilikuwa na rangi zote kwa kipimo chake, na ndani yake hamkuwa na kitu. Hatimaye vinanda vikanyamaza.

Mama Tumpe alijifuta uso kwa pindo la khanga, taratibu, upande mmoja na upande wa pili. Akaweka viganja vyake mezani. Wote walikuwa wanamtazama yeye sasa, maana mwalimu alishatoa hoja ya kufukuza na hoja ilikuwa haijajibiwa.

"Simu imelia kikaoni," alisema.

Hakuna aliyeelewa mara moja.

"Simu imelia kikaoni," Mama Tumpe alirudia, sauti ikikwaruza. "Mara mbili. Katiba yetu inasemaje, mweka hazina?"

"Faini," alisema mweka hazina kwa sauti ndogo. "Kwa kila mlio."

"Basi atozwe."

Subilaga alimtazama kujua kama ni dhihaka. Haikuwa. Uso wa Mama Tumpe ulikuwa umevimba kwa hasira na hasira ile isingeisha leo wala mwezi ujao, lakini alikuwa amenyoosha mkono, kiganja juu, anasubiri. Kikoba hakijawahi kumtoza faini mtu asiye wake. Subilaga alipolielewa hilo machozi yalimtoka yote aliyoyazuia tangu jana jikoni, akapekua mkoba bila kuona alichokishika.

"Lipa ukae," Mama Tumpe alisema. "Tuna ajenda nyingine."

Subilaga akalipa, akakaa.